Mguu wa Kushoto wa Mkunga

Haya yamesimuliwa na mkunga mwenyewe pamoja na mumewe, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimalizia. Pale walipobishana, kila mmoja ameachiwa lake.

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mpira nyuma ya zahanati bado una umande. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anaizunguka pikipiki kama mtu anayenunua ng'ombe. Anabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, anabonyeza la nyuma. Anauinua mnyororo aone umelegea kiasi gani. Anaminya breki, anawasha taa, anazima. Kisha anaanza yote upya.

"Mama, itachoka kabla hujaipanda," anasema mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa goli.

"Acha ichoke. Mimi na hii hatujuani."

Mzee huyo ni mkufunzi wa udereva, na ndiye mwenye kalamu ya kupasisha au kukataa. Watu wanamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analolitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe.

Mkunga anavaa kofia ngumu, anafunga kamba chini ya kidevu, anaivuta mara mbili. Kofia ni mpya. Ile ya zamani ilikaa juu ya kabati miaka mingi, ikaja ikashushwa uani, na kuku akaona ni nyumba yake. Mkunga alipoikumbuka aliikuta ina mayai manne, na sifongo la ndani likimeguka kama mkate mkavu.

"Hata isingekuwa ya kuku nisingeivaa," anasema. "Kofia iliyokwisha kuanguka nawe mara moja, imeshafanya kazi yake. Iache ipumzike."

Anapanda, anawasha. Nyuma ya ua wa zahanati kuna kichwa cha mwanamume kinachochungulia. Ni mumewe, fundi cherehani, ambaye nyumbani ameaga kwamba anakwenda kununua vifungo. Duka la vifungo liko upande wa pili kabisa wa mji.

Zahanati yenyewe ni ndogo, ina vyumba vinne, tangi la maji na pikipiki moja. Kila mama anayejifungua anatakiwa kutembelewa nyumbani siku ya tatu, na tena siku ya saba. Wakinamama hao hufika kumi na tisa kwa mwezi, nao wametawanyika katika vijiji vitano. Kijiji cha mbali kiko kilomita kumi na saba.

Muuguzi aliyekuwa akiendesha pikipiki hiyo aliondoka kwenda masomoni. Pikipiki ikakaa miezi miwili chini ya turubai. Kisha ikaja barua: asipopatikana mwendeshaji aliyepasishwa, Jumatatu ya mwisho wa mwezi gari litakuja kuichukua, ipelekwe kituo kingine.

Katika miezi hiyo miwili, mama mmoja wa kijiji cha mbali alishikwa na homa siku ya tano baada ya kujifungua. Nyumbani walidhani ni uchovu tu. Walimngojea mtu wa zahanati, na mtu hakuja. Siku ya nane walimbeba kitandani mpaka barabara kuu. Alipona, lakini alikaa hospitali wiki mbili na mtoto akanyonyeshwa na shangazi yake.

"Mimi siku zote hizo nilikuwa dirishani nagawa vidonge," anasema mkunga. "Nina mikono, nina macho, nina leseni kabatini. Nikajiuliza, hivi naogopa nini?"

Alichokiogopa alikijua vizuri sana. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa yeye ndiye mwendesha pikipiki wa zahanati hiyo. Aliijua kila njia ya mguu na kila mbuzi wa njiani. Siku moja akirudi na sanduku la chanjo alianguka kwenye kona ya mteremko. Alivunjika mguu wa kulia na kifundo cha mkono, akalala miezi mitatu. Alisema mbwa alikatiza mbele yake, watu wakampa pole, na mumewe akaapa kwamba pikipiki na mkewe basi.

Kwa hiyo jioni aliyoleta habari za kurudi, nyumbani hapakukalika.

"Kwa nini wewe?" fundi aliuliza, sindano ikiwa mdomoni.

"Kwa sababu mwenye leseni ni mimi peke yangu."

"Leseni yenyewe imeshakufa."

"Nitaifufua."

"Na mbwa je? Mbwa wamekwisha duniani?"

Mkunga akaondoa vyombo. Kesho yake alikwenda kupima macho, akaandikiwa miwani, akalipia leseni upya. Wiki hiyohiyo akaanza kwa Taratibu.

Taratibu hakumpa hata robo ya sifa aliyoitarajia. Siku tatu za mwanzo hakumruhusu kutoka gia ya kwanza. Alimzungusha kati ya matofali kama mtoto anayejifunza kutembea. Alimfundisha kupeleka macho mahali anapotaka kwenda, siyo kwenye shimo analolikwepa, maana ukilitazama shimo utaliingia. Alimfundisha kushika breki za mbele na nyuma pamoja, kidogo kidogo, pikipiki ikiwa imesimama wima.

"Mzee, haya mimi nayajua," mkunga alilalamika.

"Ulikuwa unayajua. Mwili wako wa wakati ule ulikuwa na miaka arobaini. Huu ni mwingine, uutambulishe kwanza. Taratibu."

Kitu kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kwenye mguu wa kushoto.

Pikipiki yake ya zamani gia zote zilikuwa za kukanyaga. Unakanyaga chini, ya kwanza. Unakanyaga tena, ya pili, na kuendelea. Hii mpya haiko hivyo. Ya kwanza unakanyaga, lakini zote zinazofuata unazinyanyua kwa juu ya kiatu. Ukiwa kwenye ya tatu unataka ya nne, halafu mguu ukasahau ukakanyaga, unarudi ya pili ghafla. Injini inapiga yowe, tairi la nyuma linajivuta, na kama uko kwenye changarawe pikipiki inateleza chini yako.

Mtu asiyewahi kuendesha hapati shida hii, kwa sababu mguu wake haujui lolote. Anayepata shida ni yule aliyeendesha miaka mingi akajiona fundi. Kichwa cha mkunga kilielewa somo siku ya kwanza. Mguu ulikataa katakata.

"Nilikuwa nauona kama mguu wa mtu mwingine nimeazimwa," anasema.

Akajizoeza jikoni akimenya vitunguu, mguu ukinyanyua upawa uliofungwa kwenye kigoda. Akajizoeza dirishani akigawa vidonge. Siku kumi zikapita, makosa yakapungua kutoka saba kwa asubuhi hadi matatu, hadi moja. Siku mbili kabla ya mtihani hakukosea hata mara moja.

Ijumaa ya mtihani walikuja watu wachache uwanjani. Mkuu wa zahanati, kijana aliyemzidi mkunga kwa cheo lakini humwita mama, alikuja na ufunguo wa akiba mfukoni kana kwamba ndio utakaomsaidia. Fundi naye alikuwepo, safari hii bila kisingizio cha vifungo.

Njia ilikuwa hivi: kushuka mteremko wa tangi la maji, kulizunguka ghala, kurudi kwa barabara ya juu, halafu kufunga breki mbele ya mstari wa chokaa. Nyuma ya ghala, kwa kama nusu dakika, mwendeshaji haonekani na mtu yeyote.

Mkunga akaondoka. Mteremko aliushuka vizuri, ghala akalizunguka, kwenye barabara ya juu akaonekana tena amekaa wima, macho mbele. Kwenye chokaa akasimama bila gurudumu kugusa mstari.

Mkuu wa zahanati akapiga makofi. Taratibu akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, jambo ambalo si kawaida yake, akaiweka karatasi juu ya tangi la pikipiki na kufungua kalamu.

"Mzee, usitie saini," mkunga akasema.

"Kwa nini? Kuna tarehe nimekosea?"

"Nyuma ya ghala nimekanyaga."

Mkuu wa zahanati akamshika mkono akamvuta kando, sauti chini. "Mama, unafanya nini? Jumatatu wanakuja kuichukua! Hakuna aliyeona."

"Changarawe imeona. Nendeni mkaiangalie."

Walikwenda. Nyuma ya ghala palikuwa na alama ya tairi iliyopinda kama mkia wa mjusi. Taratibu akaipima kwa miguu yake, hatua baada ya hatua, akapata sita.

"Ulikuwa unawaza nini hapa?" aliuliza.

"Nilikuwa nawaza kwamba mtihani nimeshapita."

"Eeh. Hapo ndipo watu huanguka." Akafunga kalamu. "Miaka ishirini na sita nafundisha. Watu wamenificha mpaka meno yaliyong'oka. Hajawahi kuja mtu kunionyesha kosa lake. Kwa nini umesema?"

Mkunga akavua kofia ngumu. Anasema hakupanga kuyatamka yaliyofuata, yalitoka tu.

"Kwa sababu nimechoka na yule mbwa."

"Mbwa yupi?"

"Wa miaka kumi na moja iliyopita. Hapakuwa na mbwa, mzee. Nilikuwa na haraka, mvua imenyesha, na kamba ya kofia sijaifunga kwa sababu ilikuwa inaniwasha shingo. Kona niliingia mbio, nikafunga breki ya mbele peke yake. Nikaanguka mwenyewe. Nilipoamka hospitali wakaniuliza nini kimetokea, nikaona aibu, nikataja mbwa. Tangu siku hiyo sijawahi kurudi kwenye pikipiki, na sasa najua sababu. Ningerudije, na kosa langu nimembebesha mbwa?"

Fundi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao. Alisikia yote.

Hapa mkunga na mumewe wanabishana. Mkunga anasema fundi alikaa kimya mpaka nyumbani. Fundi anasema alizungumza palepale. Maneno yenyewe wanakubaliana yalikuwa haya:

"Miaka kumi na moja nawafukuza mbwa wa jirani kwa mawe! Miaka kumi na moja, mama watoto! Yule mweupe kawa mzee, ameshaota mvi, bado akiniona anakimbia!"

"Nisamehe, baba watoto."

"Mimi nikusamehe? Kamuombe msamaha yule mweupe."

Taratibu hakutia saini. Mkuu wa zahanati alimsihi, akamkumbusha barua, akamkumbusha yule mama wa homa. Mzee akatikisa kichwa. Alisema barua inataka mwendeshaji aliyepasishwa, na yeye hawezi kupasisha mguu ambao haujajua uko kwenye pikipiki gani. Halafu akamgeukia mkunga.

"Hilo gari la Jumatatu linafika saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kesho Jumamosi sina kazi. Keshokutwa nina usingizi tu, naweza kuuahirisha. Njoo saa kumi na mbili. Na Jumatatu saa kumi na mbili nitakupima tena. Ukikanyaga, watachukua pikipiki, na mimi nitawasaidia kuipakia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Jioni ile walikula. Baadaye fundi alikiomba kiatu cha kushoto cha mkewe, kile cha kamba anachoendeshea. Akakigeuza, akakipapasa, akatafuta kwenye mabaki yake kipande cha ngozi nene aliyobakiza kwenye kazi ya begi. Akakishona juu ya kiatu, mahali hasa ambapo kidole gumba cha mguu kinakutana na fimbo ya gia.

"Hicho cha nini?" mkunga aliuliza.

"Mguu wako hausikii maneno, basi ujue kwa kuguswa. Ukikosa kuisikia ngozi hii ikikubonyeza, ujue umekwenda kubaya."

Anasema alikuwa bado amekasirika alipokuwa anashona. Lakini mshono aliupitisha mara tatu.

Kwa Taratibu nako kulikuwa na dawa nyingine. Aliamuru kwamba kabla ya kubadilisha gia, mkunga atamke kwa sauti mguu unakwenda wapi. Siku mbili nzima uwanja ulisikia sauti ndani ya kofia ngumu: "Nanyanyua! Nanyanyua! Nakanyaga! Nanyanyua!" Waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama kuuliza kama ni maombi.

Nyumbani akashindwa kuacha. Anatoa sufuria jikoni, "Nanyanyua." Fundi anasema hata Jumapili usiku alisikia, mkewe akiwa usingizini kabisa. Yeye fundi hakuwa usingizini. Tangu Ijumaa alikuwa akilala macho wazi, akiitazama dari, akimwona mkewe kwenye ile kona. Safari hii bila mbwa, na anakiri kwamba bila mbwa ilikuwa inatisha zaidi.

"Mbwa ungeweza kumfukuza," anasema.

Jumatatu, saa kumi na mbili kamili, Taratibu hakukaa kwenye kiti. Alikwenda kusimama nyuma ya ghala.

Mkunga akashuka mteremko. Alipolisogelea ghala, waliokuwa uwanjani waliisikia injini ikipanda sauti, ikatulia, ikapanda tena, ikatulia, kama mtu anayepanda ngazi bila pupa. Juu ya injini walisikia, "Nanyanyua!" Kisha sauti nzito ya mzee ikajibu kutoka nyuma ya ukuta: "Haya!"

Alimpa njia hiyo mara nne. Mara ya nne alimkataza kutamka. Mkunga akazunguka amefumba mdomo, na changarawe ikabaki safi.

Saini ilikuja na masharti, yameandikwa kwa mkono chini ya karatasi. Mwezi mmoja wa mwanzo asipakie mtu. Mvua ikinyesha, asubiri ipite. Saa kumi na moja jioni pikipiki iwe imerudi. Kila wiki azungushe matofali uwanjani mbele ya mzee.

"Kuna mengine?" mkunga aliuliza.

"Lipo moja. Siku utakayojiona umekuwa hodari, nipigie simu kabla hujatoka."

Gari lilifika saa nne na robo. Dereva akasoma karatasi, akaisoma tena, akaomba maji ya kunywa. "Basi, nilikuja kuwasalimu," akasema, akaondoka na gari tupu.

Saa tano mkunga alikuwa njiani. Alikuwa na mama wa siku ya tatu katika kijiji kilichoko kilomita kumi na moja, uzazi wa kwanza. Zamani njia hiyo aliikata kwa dakika ishirini. Siku hiyo alitumia dakika arobaini na tano. Waendesha baiskeli wawili walimpita, mmoja akamuuliza kama anahitaji kusukumwa.

Kwenye ile kona ya mteremko alipunguza mapema, akaingia kwa gia ya pili, macho yakitazama mwisho wa kona wala siyo mtaro. Anasema alikuwa amejiandaa kusikia kitu moyoni, akasikia mnyororo tu. "Ni kona ndogo," anasema. "Miaka yote nilikuwa naikumbuka kubwa."

Mkunga alimkuta yule mama mchanga kakaa kitandani, macho mekundu, mtoto kifuani. Alikuwa hajalala vizuri tangu ajifungue, akiogopa kwamba akifumba macho mtoto ataacha kupumua.

"Nani kakuleta, bibi?"

"Nimejileta."

"Na hiyo pikipiki?"

"Nayo nimeileta mimi."

Msichana akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Mkunga akampima joto, akatazama titi, akatazama kitovu cha mtoto. Vyote vilikuwa salama. Kisha akanawa, akampokea mtoto, akamwambia mama yake alale, yeye atahesabu pumzi kwa niaba yake. Kabla hajafika pumzi ya thelathini, msichana alikuwa anakoroma. Mkunga alikaa naye saa nzima na nusu, mpaka bibi wa mtoto aliporudi kutoka shamba. Akaondoka akimwahidi kurudi siku ya saba.

Saa kumi na nusu pikipiki ilikuwa chini ya paa la zahanati, na saa moja jioni mkunga alikuwa nyumbani amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mapaja yalimuuma kama aliyelima ekari nzima. Fundi alikuwa amelala chali pembeni yake, mkono juu ya paji la uso, akitaka kusikia safari yote tangu mwanzo.

Akamsimulia. Akamweleza na jambo analolitaka sasa. Amebakiza miaka tisa kazini, na hataki siku atakapoondoka pikipiki irudi tena chini ya turubai. Zahanati ina wauguzi wawili vijana, wasichana wenye miguu isiyojua chochote. Anataka mwakani awafundishe yeye mwenyewe, Taratibu akisimamia. Wiki ya kwanza wasipande kabisa, wazunguke tu wakikagua matairi na mnyororo. Na somo la kwanza kabisa, kabla hata ya kofia, atawasimulia alivyoanguka kwenye ile kona, kama ilivyotokea.

"Unaonaje, baba watoto? Watakubali?"

Fundi hakujibu. Mkono ulikuwa umeteleza kutoka kwenye paji la uso, mdomo uko wazi kidogo. Ndio usingizi wake wa kwanza tangu Ijumaa.

Mkunga anasema alitaka kwenda kufunga dirisha, akaona aketi kidogo kwanza. Alimtazama mumewe kifua kikipanda na kushuka, akajikuta anahesabu kama alivyohesabu mchana. Anakumbuka kumi na nne. Kumi na tano haikumbuki.